Wasomaji Wanauliza: Joto Linaingilia Wapi?

Nyumba yangu ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, imeezekwa kwa bati na ina dari ya jipsamu. Kuanzia saa sita mchana ndani hapakaliki, na hata usiku pangaboi linashusha hewa ya moto. Fundi mmoja ananishauri nifunge viyoyozi viwili, mwingine anasema nipake paa rangi nyeupe. Nimsikilize nani?

Ndugu msomaji, msikilize wa rangi, ila usiishie hapo. Kabla ya kununua chochote fanya jaribio hili. Siku ya jua kali, saa nane mchana, zima pangaboi, panda juu ya meza imara, kisha inua kiganja hadi sentimita 10 chini ya dari bila kuigusa. Kiache hapo kidogo, halafu kigeuze kitazame sakafu. Kama kinapata moto kikitazama juu na kinapoa kikitazama chini, joto linalokusumbua ni mnururisho. Bati lililoiva kwa jua linairushia dari joto, nayo dari inakurushia wewe, vilevile moto wa kuni unavyomchoma uso aliyekaa mbele yake hata kama upepo ni wa baridi. Hewa ya moto hupanda, haishuki. Sehemu kubwa ya joto linaloshuka kutoka paani mchana husafiri kwa njia hii ya mnururisho. Kiyoyozi hakizuii hilo. Kitapambana nalo saa zote, nawe utalipia pambano hilo kila mwezi.

Jua la mchana kwenye anga safi hutua juu ya paa kwa takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Bati lililochakaa au lenye rangi nzito hunyonya sehemu kubwa yake na linaweza kufika nyuzi 65 hadi 70. Wengi hudhani bati jipya linalong'aa limesalimika. Ni kweli linarudisha mwanga mwingi, lakini chuma kinachong'aa hakiachii joto lake kwa urahisi, kwa hiyo kile kidogo linachonyonya hubaki nacho na linaiva vilevile. Rangi nyeupe inayotengenezwa kwa ajili ya mapaa hufanya yote mawili: ikiwa mpya hurudisha asilimia 80 hivi ya jua, na joto inalonyonya hulitoa upesi kwenda angani.

Sasa kazi yenyewe. Sugua kutu kwa brashi ya waya, badilisha misumari na skrubu zilizolegea, ziba matundu, osha paa kwa sabuni kisha suuza hadi maji yatoke safi. Paka praima inayofaa kwa zinki. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya bati la zinki huachia na kubanduka vipande vipande, wala si kosa la jua. Baada ya praima paka mikono miwili ya rangi nyeupe, ya pili ikikatiza mwelekeo wa ya kwanza. Kwa vipimo vyako, ukihesabu vibaraza (sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta) vya sentimita 60, mteremko wa paa na mawimbi ya bati, eneo halisi ni kama mita za mraba 96. Lita moja ikipaka mita 8, unahitaji lita 24. Kila mwaka, mvua zikianza, panda na ufagio laini uoshe vumbi na ukungu, kwa sababu weupe uliochafuka hupoteza sehemu nzuri ya kazi yake.

Hatua ya pili ni karatasi ya alumini, ile yenye uso unaong'aa, ipigwe chini ya papi, zile mbao zinazobeba bati, ndani ya paa. Uso unaong'aa utazame chini, kuelekea dari, na pawe na nafasi ya hewa isiyopungua sentimita 2.5 kati yake na kitu chochote kilicho chini yake. Karatasi iliyobanwa ikagusana na vitu vingine pande zote mbili hugeuka kuwa chuma kingine tu cha kupitisha joto. Na ukiilaza juu ya dari uso ukitazama juu, vumbi litaufunika, na baada ya miaka michache utakuwa umebaki na karatasi ya kijivu. Anza kuipiga kutoka chini kwenda juu, kila kipande cha juu kikilalia cha chini kwa sentimita 15, kama magamba ya samaki, ili matone ya unyevu yanayojikusanya chini ya bati alfajiri yateremke hadi nje ya ukuta badala ya kudondokea dari. Zima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu kabla ya kuanza. Alumini hupitisha umeme, na pini moja iliyotoboa waya inatosha kuua.

Hatua ya tatu ni kulipumzisha paa. Kwa dari ya mita za mraba 60, lenga matundu yenye jumla ya mita ya mraba 0.4, yaani sehemu moja ya 150: nusu chini kwenye vibaraza, nusu juu karibu na kofia ya paa. Mwanya wa sentimita 1 kwenye vibaraza vya pande zote mbili ndefu ungetosha kwa hesabu, lakini wavu wa kuzuia wadudu hula karibu nusu ya nafasi, kwa hiyo acha sentimita 2. Matundu ya chini peke yake hayafui dafu. Hewa ya moto isipopata pa kutokea juu, ya baridi haina sababu ya kuingia.

Ukimaliza, rudia jaribio la kiganja. Hapo ndipo uamue kuhusu kiyoyozi, na huenda pangaboi likakutosha. Pangaboi halipozi chumba. Linampoza mtu, kwa kukausha jasho lake. Ndiyo maana lizimwe ukitoka chumbani. Lakini linatumia wati 70 hivi, wakati kiyoyozi kidogo kinatumia 1,100: saa moja ya kiyoyozi ni zaidi ya saa 15 za pangaboi.

Chumba changu cha kulala ni mita 4 kwa 4. Muuzaji anasema nichukue kiyoyozi cha BTU 24,000 badala ya 12,000 ili kipoze haraka. Ni kweli?

Kitapoza haraka, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kiyoyozi kikubwa mno hushusha nyuzi za chumba kwa dakika chache kisha kinazima, kabla hakijapata muda wa kukamua unyevu hewani. Utabaki na chumba chenye ubaridi wa kunata, na mashine inayowaka na kuzima mara kwa mara hadi kompresa ichoke. Kwa chumba hicho, kama dari imezuiwa joto na dirisha lina kivuli, BTU 12,000 zinatosha, yaani kilowati 3.5 za kupoza. Chagua chenye inveta, kwa sababu hupunguza mwendo badala ya kuzima. Weka nyuzi 25 au 26 na pangaboi likizunguka polepole. Mwili utaona kama chumba kimeshuka nyuzi nyingine mbili. Ziba mianya ya mlango kwanza.

Ninaishi ghorofa ya juu kabisa, paa ni zege tupu. Ajabu ni kwamba mchana pana nafuu, lakini kuanzia magharibi hadi usiku wa manane ni tanuri. Nimefungua madirisha yote, sioni tofauti.

Dada, hakuna ajabu. Zege ni zito, na joto hulipenya taratibu. Slabu ya sentimita 15 huchukua kama saa nne hadi tano kupitisha kilele cha joto kutoka juu hadi chini. Jua la saa nane mchana linakufikia kitandani jioni. Wakati huo hewa ya nje imeshaanza kupoa, lakini wewe umelala chini ya jiwe lenye moto la ukubwa wa chumba kizima.

Uzito huo si lazima uwe adui. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililobuniwa na msanifu Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, linautumia kwa makusudi: usiku feni huvuta hewa baridi ipite kwenye sakafu za zege na kuzipoza, na mchana zege hilo hupokea joto la watu na mashine. Ila hila hiyo inahitaji usiku unaopoa kwelikweli, angalau nyuzi 8 hadi 10 chini ya mchana. Mahali ambapo usiku ni wa joto na unyevu, kufungua madirisha hakutalikamua zege, na dawa pekee ni kulizuia jua lisilifikie.

Zuio la joto likae juu ya slabu. Mafundi wengi hupenda kuliweka chini, kwa sababu kazi ni rahisi na haimlazimu mtu kupanda paani. Chumba kitapata nafuu, lakini zege lenyewe litaendelea kupanuka mchana na kusinyaa usiku, na mpanuko huo ndio unaochana tabaka la kuzuia maji na kuleta nyufa kwenye kona za kuta. Likikaa juu, linailinda slabu na utando wake pamoja.

Mpangilio kutoka chini kwenda juu ni huu: slabu, lipu ya mteremko, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea matundu ya maji, utando wa kuzuia maji, unaopanda ukutani angalau sentimita 15, bodi ngumu za polistirini zenye unene wa sentimita 5, kitambaa cha jiotekstaili kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, kisha sentimita 5 za kokoto safi za kuzilemea zisiinuliwe na upepo. Polistirini iwe ile ngumu iliyoshikana isiyonyonya maji. Ile nyeupe nyepesi yenye punje hunyonya maji taratibu, na bodi iliyolowa haizuii joto. Kabla ya kufunika utando, ziba matundu, jaza maji ya kina cha sentimita 3, ukae nayo siku nzima, saa 24, huku ukikagua dari ya chini. Kuvuja kukigunduliwa leo ni kiraka. Kukigunduliwa baada ya kokoto ni kufumua kila kitu.

Kokoto hizo zina uzito wa takriban kilo 80 kwa kila mita ya mraba. Kwa paa la mita 60 ni karibu tani tano. Usizipandishe bila mhandisi kuthibitisha kwamba slabu inabeba. Akikataa, paka utando mweupe, au simamisha kivuli chepesi juu ya slabu chenye upenyo wa hewa chini yake.

Dirisha langu kubwa linatazama magharibi. Nimeweka pazia zito lakini chumba bado kinachemka jioni. Niongeze kibaraza?

Pazia la ndani hulikamata jua likiwa limeshapita kioo. Joto limeshaingia; limebadilisha tu mahali pa kukaa. Kivuli lazima kiwe nje.

Kibaraza ni suluhisho zuri, lakini kwa ukuta mwingine. Kwenye ikweta, ukuta unaotazama kaskazini au kusini hupata jua lililo juu angani, na kibaraza cha sentimita 75 kinakinga dirisha la urefu wa mita 1.2 kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri hata siku jua linapokuwa limeegemea upande huo kupita kiasi. Lakini jua la magharibi huja limelala. Saa kumi na moja jioni linapita chini ya kibaraza chochote unachoweza kukijenga. Linazuiwa kwa kitu kilichosimama: mbao za wima zilizoinamishwa, luva za nje, fremu ya mimea inayotambaa, au mti. Acha nafasi ya sentimita 15 kati ya kikingio na kioo, hewa ya moto ipande na kutoka. Na kama bado hujajenga, pa magharibi weka stoo, bafu na ngazi, na madirisha madogo.

Tumepiga pevingi karibu kiwanja chote, chenye mita za mraba 400. Sasa kila mvua kubwa maji yanajaa mlangoni na kwa jirani. Fundi anasema tuchimbe shimo moja la kunyonya maji, mita 2 kwa 2, kina mita moja na nusu. Litatosha?

Halitatosha, na hesabu inaonyesha upesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme nyumba ni mita 150, pevingi 200, bustani 50. Mvua ya milimita 40 ikinyesha kwa nusu saa, paa linatoa lita 5,400 na pevingi lita 7,200, ukiondoa asilimia 10 inayobaki kulowesha. Jumla ni lita 12,600. Kiwanja hicho kilipokuwa na nyasi na udongo usio mzito, kilikuwa kikitoa kama lita 4,000 tu. Shimo la fundi lina ujazo wa mita 6, lakini likijazwa mawe, nafasi tupu kati ya mawe ni kama asilimia 35. Linabeba lita 2,100. Litajaa ndani ya dakika tano.

Gawanya kazi. Maji ya paa yaende kwenye tanki la lita 5,000, lenye bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi na wavu wa kuzuia mbu. Kisha fumua nusu ya pevingi, mita 100, uzirudishe juu ya msingi unaopitisha maji. Msingi wa mawe wenye kina cha sentimita 30 una nafasi ya lita 10,500. Yaani uwanja wenyewe unakuwa tanki.

Kwanza pima udongo. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30 hadi kina cha msingi wako, lijaze maji, liache linywe usiku kucha. Kesho yake mimina maji ya kina cha sentimita 30, na uhesabu muda wa kushuka kutoka sentimita 22.5 hadi 7.5. Rudia mara tatu. Yakishuka ndani ya saa nne, udongo unakubali. Yakilala hadi asubuhi, usitegemee kunyonya. Weka bomba lenye matundu chini ya mawe liyatoe polepole kwenye mtaro. Udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka usiulishe maji karibu na msingi wa nyumba. Kwa udongo wowote, kaa mita 5 kutoka kwenye jengo.

Ujenzi wake: usishindilie udongo wa chini kama unajenga barabara, maana utaufunga. Tandika jiotekstaili. Mwaga mawe ya milimita 20 hadi 40, yaliyooshwa, sentimita 30. Juu yake chipsi za milimita 2 hadi 6, sentimita 5. Panga pevingi kwa mwanya wa milimita 6 hadi 10, ujaze mwanya kwa chipsi zilezile. Kosa linaloua mfumo huu ni mazoea: fundi anamalizia kwa kufagia mchanga na saruji kwenye mianya, kama alivyozoea. Siku hiyohiyo uwanja unakuwa sakafu. La pili ni kuchanganyia zege au kurundika mchanga juu yake wakati ujenzi unaendelea. Fanya pevingi mwisho kabisa. Zoa uchafu kwenye mianya mara mbili kwa mwaka na ongeza chipsi pale zilipopungua.

Sisi ni kamati ya mtaa. Tuna fedha kidogo za kupunguza joto mtaani. Tupande miti? Wapi?

Kwamba mji una joto kuliko mashamba yanayouzunguka, hasa usiku, ni jambo alilolionyesha Luke Howard wa London kwa vipimo alivyoanza kuvichapisha mwaka 1818. Lami na kuta huhifadhi jua, vichochoro vyembamba havioni anga la kutolea joto, na mimea ya kupoza hewa haipo. Leo tumeongeza mashine: kiyoyozi kinachoondoa kilowati 3.5 za joto chumbani kinamwaga 4.6 kwa wapita njia, maana umeme wake nao huishia kuwa joto.

Karibu na ikweta, anzeni na barabara zinazokwenda mashariki–magharibi. Zinapigwa jua kutwa nzima. Zile za kaskazini–kusini hupata kivuli cha majengo asubuhi na jioni.

Kisha msiinyime miti udongo. Mti wa ukubwa wa kati unahitaji kama mita 10 za ujazo. Kishimo cha sentimita 60 katikati ya zege kitakupa mche wa miaka kumi usiozidi kimo cha mtu, au mizizi itakayopasua njia ikitafuta hewa. Chimbeni mtaro wa upana wa mita 1.5, kina mita 1, urefu wa mita 7 kwa kila mti, uunganishwe na wa jirani. Kateni ukingo wa barabara mahali kadhaa ili maji ya mvua yaingie. Sehemu ya shina inayoanza kupanuka kuelekea mizizi ikae usawa wa ardhi; shina likifukiwa litaoza. Lita 40 hadi 60 za maji kwa wiki kwa miaka miwili ya kwanza zitengewe bajeti na mtu wa kuzimwaga, la sivyo punguzeni idadi ya miti. Miti 20 iliyonyweshwa ni bora kuliko 200 iliyokauka.

Kwa kuwa kivuli cha maana kitachukua miaka, sehemu ya fedha iende kwenye rangi nyeupe ya mapaa ya nyumba zisizo na dari, kwanza zenye wazee na watoto wachanga. Ahmedabad nchini India, uliozindua mpango wake wa kukabili joto kali mwaka 2013, baadaye uliongeza kazi hiyo kwenye makazi ya watu wa kipato cha chini. Rangi hufanya kazi siku inapokauka.

Nataka kufunga paneli za sola juu ya bati. Fundi anasema zilale zikigusa bati ili upepo usizing'oe. Ni sawa?

Si sawa. Paneli hupoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Ikiiva hadi 60, umepoteza kati ya asilimia 10 na 14. Inua kwa reli, acha sentimita 10 chini yake, na upepo uuzuie kwa kufunga reli kwenye mbao za kenchi au papi, kamwe si kwenye bati peke yake. Kila skrubu iwe na mpira wake. Hivyo unapata pia kivuli juu ya bati. Angalia tanki la maji na antena: kivuli cha bomba moja kikilala juu ya paneli moja kinaweza kuvuta chini nguvu ya msururu mzima uliounganishwa nayo. Paka paa kwanza, kisha funga. Kupaka chini ya reli baadaye ni kazi isiyomalizika vizuri.